Nyuma ya Mama Kuna Nini?

Mwezi huu tunaweka kando mwiko na sindano, tuzungumzie jambo tunaloulizwa sana siku hizi, tena si na mabinti peke yao, bali hata na akina mama wenye wajukuu. Nalo ni hili la kuonana kwa video kwenye kompyuta.

Mama ameketi sebuleni kwake Sakina, Moshono au Usa River. Amefungua kompyuta ili aonane na mtoto aliye masomoni ng'ambo, au aingie kikao cha harusi ambacho nusu ya wajumbe wake wako Dar es Salaam, au ahojiwe kwa ajili ya kazi aliyoiomba tangu mwaka jana. Sauti inasikika vizuri na mtandao haukatiki. Lakini picha! Uso ni mweusi kama kivuli, au sikio moja limekatwa, au kilemba alichokifunga kwa nusu saa kimeyeyuka hewani, au nyuma yake limejitokeza daraja jekundu la San Francisco ambalo yeye hajawahi kulikanyaga. Watu wa upande wa pili wanajizuia kucheka. Yeye anaona aibu, anazima kamera, na kuanzia hapo anabaki jina tu kwenye kioo huku wenzake wakiamua mambo.

Hilo la mwisho ndilo linalotusumbua sisi. Mama akizima kamera kwenye mahojiano ya kazi, amejipunguzia nafasi. Akiizima kwenye kikao cha ukoo, aghalabu hata sauti yake hupungua, na mwisho wa kikao anaambiwa tu kiasi alichopangiwa kuchanga. Na kasoro zenyewe nyingi hazihitaji fundi wala fedha. Zinahitaji pazia, taa, na mtu aliyekwisha kuelewa kompyuta inafanya nini.

Tuanze basi na hapo. Wale wa rika letu mtakumbuka tulivyokuwa tukienda studio kupigwa picha ya Krismasi au ya kipaimara. Mpiga picha alikuwa na kitambaa kikubwa kilichochorwa maua, ngazi za ghorofa au ziwa lenye bata. Kule Mombasa, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walisifika katika miaka ya 1990 kwa vibanda vyao vyenye picha za meli na ndege, na msafiri wa kawaida aliondoka na picha iliyomwonyesha kama anayepanda ndege. Kitambaa kile kilikuwepo kweli. Kilining'inia nyuma yako, ukisimama mbele yake unakiziba, na mwanga uliokupiga wewe ulikipiga na chenyewe.

Kompyuta haina kitambaa. Unapochagua mandhari ya nyuma, au unapochagua ukungu ili chumba kisionekane, mashine inaitazama picha yako mara nyingi katika kila sekunde moja na kukisia: hapa ni mtu, hapa ni ukuta. Kisha inakata kwa kufuata ule mstari iliokisia, kama fundi cherehani anayekata kitambaa bila kupima, na kubandika picha nyingine mahali pa ukuta. Inakisia tu, mama. Haijui kama hicho kilicho juu ya kichwa chako ni kilemba au ni kivuli cha kabati la vyombo. Kila kitu kinachoufanya mstari ule usionekane vizuri, yaani giza, rangi zinazofanana, nywele zilizotawanyika, mkono unaopungapunga, kinaiongezea makosa.

Ndiyo maana tunasema dawa ya kwanza ni mwanga, na dawa ya pili ni mwanga.

Kosa tunaloliona katika nyumba nyingi ni la dirisha. Mama anataka kupendeza, kwa hiyo anaketi kwenye kochi lililo chini ya dirisha, pazia zuri likiwa nyuma yake. Kamera nayo inapoona mwanga mwingi unatoka nyuma, inajipunguza ili isiunguzwe, na uso wa mama unabaki giza tupu. Hapo hata programu bora kuliko zote itakata vibaya. Geuza kiti. Dirisha liwe mbele yako, nyuma ya kompyuta, au ubavuni kidogo. Kama kochi haligeuki, chukua kigoda cha jikoni. Kamera haioni unakalia nini.

Wenzetu wa mjini wanaoishi upande wa kusini wa Mlima Meru wanaweza kuzingatia na jambo hili. Arusha iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi tatu na kidogo. Kwa sababu hiyo, kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, yaani upande wa mlima, na miezi iliyobaki linahamia kusini. Chumba kilichokuwa na mwanga mzuri mwezi Januari kinaweza kuwa na hali nyingine mwezi Julai. Halafu Juni, Julai na Agosti tunazifahamu sote: wingu linashuka, baridi inaingia, na saa nne asubuhi mlima bado haujaonekana. Kule juu Akheri, Poli na Nkoaranga, ambako nyumba zimefunikwa na migomba na miti, sebule inaweza kuwa na giza hata siku ya jua. Programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri Februari ikianza kukukata masikio mwezi wa saba, usidhani kompyuta imeharibika. Toka barazani, au washa taa.

Kuhusu taa nako kuna neno. Taa ya darini ikiwa nyuma yako inafanya ubaya uleule wa dirisha. Ikiwa juu ya utosi wako inakupa macho ya shimo. Taa ya kusomea ya watoto, ile ya mezani, igeuze iangalie ukuta ulio mbele yako, ili mwanga urudi usoni polepole. Karatasi nyeupe iliyolazwa mezani mbele yako nayo hurudisha mwanga chini ya kidevu. Kuna taa za mviringo zinazouzwa madukani kwa ajili ya kazi hii, nazo ni nzuri kwa mama anayefanya biashara kwa video kila siku. Kwa kikao cha mara moja kwa mwezi hatuoni sababu ya kuinunua kabla ya ada ya shule.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baadhi yenu huliuliza kwa sauti ya chini. Dada mmoja ameona kwamba katika kikao kilekile, wenzake wa Ulaya walikatwa vizuri hata nywele moja moja, lakini yeye, mwenye ngozi nyeusi na nywele zake za asili, alimegwa kichwa. Akajiuliza kama tatizo ni yeye. La, dada, si wewe. Mwezi Septemba 2020 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu nchini Kanada, Colin Madland, alionyesha hadharani jini Zoom ilivyokuwa ikikifuta kichwa cha mwenzake mweusi kila alipoweka mandhari ya nyuma. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2018, Joy Buolamwini, mtafiti wa asili ya Ghana aliyekuwa akisoma Marekani, alitoa pamoja na Timnit Gebru utafiti juu ya programu zinazotazama uso na kukisia kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, programu mojawapo ilikosea hadi asilimia 34.7. Programu hizi hufundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno, na wafundishaji walikuwa wameziwekea picha chache za watu wanaofanana na sisi. Tangu wakati huo kampuni zimezirekebisha, na programu mpya ni bora, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba programu yako si ya miaka mitano iliyopita. Iruhusu ijisasishe.

Zaidi ya hapo, isaidie mashine kuuona mstari. Kama ukuta wako umepakwa rangi ya kahawia au kijani cha giza, au nyuma yako kuna kabati jeusi, tundika shuka la kitanda la rangi moja iliyopauka, jeupe kidogo au la samawati hafifu, nawe ukae mbele yake kwa hatua mbili, usiliegemee. Kilemba kiwe cha rangi iliyo mbali na ya ukuta. Kitenge chenye maua makubwa ya rangi ya ukuta kitatobolewa matundu, utaonekana kama mtu aliyeliwa na nondo. Hata mgongo wa kiti kirefu cha ofisini huichanganya programu, ikauchukua kuwa ni sehemu ya mabega yako.

Wapo ambao kompyuta zao zinakataa kabisa. Wanabonyeza, wanaambiwa mashine haina uwezo, au ile sehemu ya kuchagua mandhari haionekani hata kidogo. Hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu akina mama wengi wamepoteza fedha. Kukata na kubandika huku hufanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe, si kwenye mtandao. Kuongeza kifurushi hakusaidii lolote. Kinachohitajika ni nguvu ya kompyuta, na zile kompyuta mpakato za mitumba tunazowanunulia watoto, baadhi zina zaidi ya miaka kumi, hazina nguvu hiyo. Funga programu nyingine zote zilizo wazi. Chomeka chaji, kwa kuwa kompyuta nyingi zikiwa kwenye betri hujipunguza kasi ili kutunza umeme. Usiiweke juu ya blanketi au mto, inaziba matundu ya hewa, inapata joto na kuzidi kupungua kasi. Kama unaingia kikao kwa kivinjari na sehemu ya ukungu haipo, jaribu kivinjari kingine, au weka programu yenyewe kwenye kompyuta.

Ikishindikana, Zoom ina njia ya wazee, ileile ya kitambaa. Tundika nyuma yako kitambaa cha kijani kibichi, kisicho na maua wala mikunjo, chenye mwanga sawa kila upande, halafu kwenye mipangilio ya mandhari uiambie kwamba una kitambaa cha kijani. Mashine dhaifu huona nafuu hapo, maana haitafuti mtu tena. Inaondoa rangi moja tu. Lakini siku hiyo usivae kijani. Mama aliyevaa sare ya kijani ya kwaya atabaki kichwa kinachoelea. Na kama unaweka picha yako mwenyewe, labda ile ya Meru iliyopigwa asubuhi yenye anga safi, chagua picha iliyolala, isiwe iliyosimama kama ya simu, yenye ukubwa usiopungua 1280 kwa 720. Iliyo ndogo huvutwa ikawa uji.

Maandishi kuonekana kinyumenyume si ugonjwa. Mama anaweka nyuma yake bango la kikundi chao cha akiba, anaona herufi zimegeuka, anakata tamaa. Kompyuta hukuonyesha wewe kama kioo cha kujitazamia, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kujiona. Wenzako wanaziona herufi sawasawa.

Kioo kikiwa cheusi kabisa, angalia kwanza juu ya kioo cha kompyuta, pale penye jicho la kamera. Kompyuta nyingi za siku hizi zina kifuniko kidogo kinachotelezeshwa kwa kidole, na watoto hupenda kukichezea. Kama kiko wazi, huenda kamera imeshikwa na programu nyingine ambayo hukuifunga.

Watoto hao hao ndio waliotuletea daraja la San Francisco. Picha ile huja na Zoom yenyewe, pamoja na ya nyasi na ya dunia ikionekana kutoka angani. Kompyuta ya familia ni kama kanga ya mlangoni, kila mmoja anajitanda akatoka; na programu hukumbuka alichochagua yule wa mwisho. Mwezi Februari 2021, katika jimbo la Texas nchini Marekani, wakili mmoja aitwaye Rod Ponton aliingia mahakamani kwa njia ya video kwa kompyuta ya karani wake, na mbele ya hakimu akatokea kama paka mweupe mwenye macho ya huzuni. Ilibidi amhakikishie hakimu kwamba yeye si paka. Dunia nzima ilicheka. Hakimu Roy Ferguson alikuwa mtu muungwana, akamwelekeza namna ya kuondoa, shauri likaendelea. Yanaweza kutokea kwetu pia, kwa sababu mambo mazito yameshahamia kwenye video: hata Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyo na makao yake hapa Arusha, iliendesha mashauri kwa njia hii wakati wa korona mwaka 2020. Kwa hiyo kabla ya kikao, fungua programu peke yako. Kando ya alama ya kamera kuna mshale mdogo. Ubonyeze, utaona orodha ya kuchagua mandhari. Chagua ile ya kwanza ya kutokuweka kitu, ujione ulivyo, halafu ndipo uamue.

Kuamua huko ndiko tunakotaka kukaa nako kidogo, maana hapa jambo linaacha kuwa la mashine na linakuwa la nyumba.

Kuna mikutano ambayo chumba chako hakiwahusu watu. Mwajiri hana haja ya kuona godoro lililosimamishwa ukutani, wala wateja wako hawana haja ya kusoma kalenda uliyoandikia tarehe za marejesho ya mkopo. Hapo ukungu ni stara nzuri, nasi tunaupendelea kuliko picha za ufukwe, kwa sababu hata ukikosea kukata hauchekeshi. Jiji hili linaijua kazi ya pazia. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyofanya kazi hapa hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, iliwaweka mashahidi wengi nyuma ya pazia wasionekane na wasikilizaji, na badala ya majina wakaitwa kwa herufi, ili wakirudi makwao wawe salama.

Lakini pazia lile lilikuwa la kitambaa. Ukungu wa kompyuta si ukuta, mama. Ukisogea ghafla, ukiinama kuokota kalamu, chumba chako halisi humulika kwa nukta moja kandokando ya mabega. Mtu akipita nyuma yako, mashine inaweza kuamua kwamba naye ni mtu wa kuonyeshwa, ikamtoa kwenye ukungu akiwa mzima kabisa. Sasa fikiri ni mtoto anayetoka kuoga, au bibi mgonjwa anayesaidiwa kuvaa, na kikao kile kinarekodiwa na mtu usiyemjua. Picha ya namna hiyo ikishatoka haitoki kwenye mikono ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezipa taarifa zinazohusu watoto uzito wa pekee, nasi tunadhani mama hapaswi kuisubiri sheria. Anayetaka kulinda kitu akitoe mbele ya kamera. Keti mgongo ukiwa ukutani, karibu na ukuta, pasiwe na njia ya kupita nyuma yako. Hicho ni kinga kuliko ukungu wa kampuni yoyote.

Mtakumbuka yule profesa aliyeko Busan, Korea Kusini, Robert Kelly, aliyekuwa akihojiwa na BBC moja kwa moja kutoka nyumbani tarehe 10 Machi 2017. Mlango ulifunguka nyuma yake, binti yake mdogo akaingia kwa madaha, akafuatwa na mtoto mchanga kwenye kigari, kisha mama yao, Kim Jung-a, akaja mbio na kuwakokota nje. Watu walifurahi sana. Kilichotuuma sisi ni kwamba watazamaji wengi walidhani yule mama ni yaya. Alikuwa mke wake. Mlango ule ungefungwa kwa ufunguo, kama alivyosema baadaye mwenyewe profesa kwamba ndivyo alivyozoea, tusingejua lolote. Basi wakati wa mahojiano waambie watoto mapema, wape kazi, na ufunguo uzungushwe.

Halafu kuna suala la waume. Tunaulizwa hivi: baba yuko kazini mbali, pengine mgodini Mirerani au Geita, au yuko semina Dodoma. Anapiga video kwa kompyuta, na nyuma yake kuna ukungu mzito. Mama anauliza, "Baba fulani, uko wapi?" Anajibiwa, "Niko chumbani." Mama hauoni ukuta, haoni kitanda, usiku halali. Ni dalili ya jambo?

Inawezekana ni dalili ya jambo, na inawezekana zaidi kwamba ni kompyuta ya ofisi. Tumeeleza hapo juu kwamba programu hukumbuka. Aliyekuwa na mkutano wa kazi mchana akaweka ukungu ili wenzake wasione soksi zake, usiku akimpigia mkewe ukungu bado upo, na pengine hajui ulivyo mkubwa kwa sababu yeye anatazama uso wako, hatazami wake. Kwa hiyo kabla ya kumuita mshenga, mwambie kwa upole, "Baba, ondoa huo ukungu nikuone vizuri, umekaa kama mtu wa taarifa ya habari." Ni ombi la mke, halina kesi ndani yake. Naye akiondoa, ongeeni mambo yenu. Akikataa leo, na kesho, na keshokutwa, hapo mna mazungumzo mengine ya kufanya, nayo hayafanywi kwa video. Ila tusisahau kwamba mizani ina pande mbili. Mama anayemwekea mumewe ukungu ili asione kochi jipya alilolinunua kwa fedha ya bati naye ana maelezo ya kutoa.

Kwa watoto walio ng'ambo ushauri wetu unageuka kabisa. Tumeona akina mama wanaohangaika kuficha ukuta wenye ufa, dari lenye alama ya maji, sufuria zilizopangwa pembeni, mtoto asije akasononeka au wenzake wa huko wakamcheka. Wanaweka picha ya hoteli. Kijana anasema, "Shikamoo mama," na kabla hajaitikiwa anauliza, "Mbona nyuma yako kuna bahari? Uko wapi?" Alikuwa akitafuta nyumbani. Alitaka kuona kama kabati la vyombo bado lipo, kama picha ya harusi yenu bado imepinda, kama mgomba wa dirishani umezaa. Dari lenye alama ya maji ataliona siku atakaporudi, na pengine akiliona sasa atatuma bati. Kwa mtoto wako zima mandhari zote. Ikiwezekana beba kompyuta hadi barazani, mgeuzie kamera aone migomba, na kama wingu limefunguka aone mlima. Yule anayeishi Minnesota au Leipzig hawezi kuupata kwenye duka lolote.

Wale msio na kompyuta msijione mmeachwa. WhatsApp nayo iliongeza mandhari za nyuma kwenye simu za video mwezi Oktoba 2024, na kanuni za mwanga ni zilezile. Skype, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyoanza nayo, ilifungwa Mei 5, 2025, kwa hiyo kama mwanao bado anakusubiri huko mwambie mhamie kwingine.

Limebaki suala la saa, ambalo kwa kweli linarudi kwenye mwanga. Familia nyingi huongea na watoto walioko Marekani saa mbili au saa tatu usiku wetu, wakati sebuleni kuna balbu moja na umeme umepungua. Jaribuni saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linaingia na watu wamerudi kutoka sokoni Tengeru au Kilombero. Minnesota itakuwa saa tatu asubuhi kati ya Machi na mwanzoni mwa Novemba, na saa mbili asubuhi katika miezi mingine, kwa sababu wao hubadilisha saa zao na sisi hatubadilishi. New York iko mbele ya Minnesota kwa saa moja. Jumamosi mtoto wa chuo atakuwa ndiyo kwanza anaamka, na huenda ni yeye atakayetaka kuweka ukungu.